Mwalimu Kibona Hakunipeleka Nakonde

Jumapili, tarehe 6 Julai. Asubuhi baridi kali, anga safi, upepo wa vumbi kutoka upande wa Zambia mpaka saa nne.

Sekela mwanangu,

Umelala. Nimekusikia ukigeuka mara mbili, kisha kimya. Mizigo yako iko sebuleni, na humu sitaandika lolote kuhusu blanketi, jiko wala maji ya kuchemsha. Ulikaa chuoni miaka mitatu ukarudi mzima. Gari la Ileje linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nina usiku huu tu wa kukuambia jambo ambalo ulistahili kulijua tangu ulipoanza kuniuliza maswali.

Mwalimu Kibona hakuniuza. Hakunipeleka Nakonde kwa Wazambia, hakupokea kitu cha mtu yeyote, na siku nilipokimbia kule hakujua hata kama nimevuka mpaka. Niliyesema kwamba alijua ni mimi, na nilikuwa naongopa.

Naandika kwa sababu ya ulichosema leo mchana. Tulikuwa bado mezani, bibi yako anamenya chungwa, wewe unasimulia siku uliyokwenda kuripoti shuleni. Ukasema mkuu wa shule amekuambia kuna mzee mmoja mstaafu pale kijijini, huja jioni kuwafundisha watoto mbio bila malipo, anaitwa Mwalimu Kibona. Bibi akaacha kumenya.

"Kibona yupi? Yule muuza watoto?"

"Huyo huyo, bibi. Nimeuliza. Zamani alifundisha Mbozi."

"Kumbe bado yuko hai!"

"Yuko hai na filimbi shingoni," ukasema. "Nami nitakwenda kumsalimia. Nitamwambia, shikamoo Mwalimu, mimi ni mtoto wa yule msichana uliyemuuza kwa Wazambia. Tena mbele ya hao watoto wake, wajue wanafundishwa na nani."

Baba yako akacheka. "Usimpige tu. Mwalimu mpya, wiki ya kwanza, ufukuzwe kazi kwa kumpiga mzee wa watu."

"Simpigi, baba. Namsema tu."

"Mseme," bibi akasema, akakupa nusu ya chungwa kama zawadi. "Mama yako hakuwahi kuwa na mdomo."

Mkanitazama wote watatu, na mimi nikainuka kwenda jikoni kuleta chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, mbele ya sahani yangu. Wewe uliona, ukaniuliza kwa macho, nikajifanya sijaelewa. Sasa nakueleza habari yote, kwa mpangilio wake.

Nilikuwa kidato cha pili, nakaa bweni, katika shule moja ya Mbozi. Wakati huo Songwe haikuwa mkoa, sote tulihesabiwa Mbeya. Shule ilikuwa na shamba la kahawa, na mwalimu wa zamu alinituma nikamwite mlinzi upande wa pili wa shamba. Nilikwenda na kurudi. Nilipofika nikamkuta Mwalimu Kibona, mwalimu wetu wa jiografia, amesimama anaangalia saa yake. Mwanamume mfupi, mwembamba, Mndali wa Ileje, anayetembea kama amechelewa mahali.

"Wewe Namwinga. Nani alikufundisha kukimbia hivyo?"

"Ng'ombe wa baba, Mwalimu."

Akacheka mpaka akakohoa. Wewe umezoea kunisikia nikiitwa Mama Sekela, lakini unajua kwetu Wanamwanga kaka zangu ni Simwinga na mimi ni Namwinga. Yeye hakuwa Mnamwanga, ila alijifunza kuwaita wasichana wote wa Tunduma namna hiyo, na hakuwahi kukosea. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri aligonga dirisha la bweni kwa funguo zake. Tulitoka wasichana watano. Baada ya mwezi tulibaki wawili, na baada ya muhula nilibaki peke yangu na wavulana.

Alitutaka kila mmoja awe na daftari. Tarehe, hali ya hewa, umbali, miguu inasemaje. Wavulana walibuni wakiwa kitandani, naye alijua. Alikuwa akiwasomea kwa sauti, "Jumanne, mvua kubwa. Jumanne gani hiyo, kijana? Mimi Jumanne nilianika mahindi." Mimi niliandika kweli. Ndiko nilikopata tabia hii ambayo wewe na baba yako mnaicheka. Yale madaftari ninayo yote, kuanzia lile la kwanza lenye jalada la bluu.

Alikuja kwetu Chapwa kumwomba babu yako ruhusa nisirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi kupalilia. Babu hakuwa mtu wa kushawishika. Walikula ugali wa ulezi pamoja, Mwalimu akamaliza sahani, akaongezewa, akamaliza tena. Babu akasema, "Mtu anayekula hivi hawezi kuwa mwongo." Kwa miaka mingi nyumbani kwetu sentensi hiyo ilirudiwa kwa kejeli.

Kidato cha tatu nilikuwa nakimbia mita elfu moja mia tano, na wilayani hakuna msichana aliyekuwa ananiona ila mgongo. Mwezi wa sita ungekuja mchujo wa mkoa. Mwalimu alikuwa ameshaambiwa kwamba watakaopita watachukuliwa na timu yenye shule yake, ada bure, walimu wa mbio wa kweli. Hilo alilisema mara moja tu, tukiwa tumekaa kwenye jiwe baada ya mazoezi, halafu akaniambia nijaribu kulisahau, maana nikilifikiria nitakimbia vibaya.

Ikaja likizo fupi ya Pasaka. Nikarudi Chapwa, na mama mdogo akaja kutoka Nakonde. Huyu hukumjua, alikufa ukiwa tumboni. Alikuwa ameolewa na Mbemba, ana binti wa rika langu anaitwa Chanda. Aliingia jikoni akiwa anacheka tayari, akatusalimia kwa Kibemba.

"Mwapoleni mukwai! Nimekuja kuazima miguu."

"Miguu ya nani, mama mdogo?"

"Yako wewe. Ya mama yako imeshachakaa."

Chanda alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na Jumatano kulikuwa na mashindano ya shule uwanja wa Nakonde. Shule yao haikuwa na msichana mwingine wa mbio ndefu. Walimu wao walikuwa wameahidi raba mpya kwa atakayeleta ngao. Mimi nilikuwa nakimbia pekupeku.

"Lakini mimi si mwanafunzi wa kule."

"Unafanana na Chanda. Nani atakukagua? Mtu anavuka hapa kwenda kununua sukari, wewe unavuka kwenda kukimbia. Dakika tano, umerudi."

Kwa bibi yako alisema ninakwenda kumsaidia kupika kwa kuwa Chanda anaumwa. Bibi mpaka leo hajui zaidi ya hapo. Tulipita nyuma ya nyumba za watu kama tunavyopita siku zote, na nikavaa fulana ya kijani ya shule ya Chanda ndani ya choo cha mama mdogo.

Kwenye michezo ya shule mtu wa namna hiyo anaitwa mamluki, mkimbiaji wa kuazima. Neno hilo nililijua. Mwalimu Kibona alikuwa akilitamka kama mtu anayetema kokwa. Mwaka uliotangulia alikataa ngao ya wilaya kwa sababu mvulana mmoja katika timu yetu aligundulika ameshamaliza shule. Aliirudisha mwenyewe, kwa baiskeli.

Nilishinda. Watu wa Nakonde walisimama pembeni mwa uwanja wakipiga kelele, "Butuka, Chanda! Butuka!" Kimbia, Chanda. Nami nilibutuka. Nakuambia ukweli, mwanangu, sijawahi kukimbia vizuri kama siku ile. Kwa kuwa halikuwa jina langu sikuwa na hofu yoyote. Mpiga picha akatupanga na ngao, mimi katikati, nikacheka meno yote nje.

Daftari la siku hiyo ninalo hapa mezani. Limeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri: "Jumatano. Mawingu. Sikukimbia, miguu mizito." Hakuna aliyekuwa akilisoma likizoni. Ningeweza kuacha mstari mtupu.

Mpiga picha yule alikuwa na kibanda karibu na mpaka, na kama wafanyavyo wenzake, picha nzuri aliibandika kwenye ubao nje ili kuvutia wateja. Mwalimu wa michezo wa shule nyingine ya kwetu alivuka kununua sabuni, akaiona, akanunua nakala. Hakusema kitu mpaka mwezi wa sita.

Mbeya nilikuwa napasha mwili moto kwa ajili ya fainali nilipoitwa. Chini ya turubai walikuwepo waamuzi watatu, yule mwalimu, na Mwalimu Kibona.

"Huyu msichana ni Mzambia," yule mwalimu akasema. "Anaitwa Chanda. Kibona ametuletea mamluki kutoka nje ya nchi."

Mwalimu Kibona alicheka, kicheko kile kile cha kukohoa. "Mzambia? Huyu? Nimekula ugali kwa baba yake Chapwa."

Wakampa picha. Aliitazama. Akanitazama. Alikuwa ananijua ninavyosimama, ninavyoweka uzito mguu wa kushoto. Sasa naamini alijua palepale, ila alitaka kusikia kwangu.

"Namwinga, huyu ni nani?"

"Sijui, Mwalimu."

"Si wewe?"

"Si mimi."

Akawageukia. "Amesema si yeye. Mwanafunzi wangu hasemi uongo." Wakamwambia aandike, naye akaandika na kutia saini kwamba msichana wa kwenye picha si mwanafunzi wake. Fainali ilikimbiwa bila mimi, wakasubiri uchunguzi. Ndani ya gari kurudi Mbozi alinipa ndizi mbili. Hakuuliza tena.

Wiki iliyofuata babu yako aliitwa shuleni. Mkuu wa shule alikuwa ameshatuma mtu Nakonde, na mtu huyo alikuwa amerudi na majibu. Nilikubali kwamba ni mimi, hapakuwa na pa kujificha. Babu alikaa na kofia yake gotini, anaizungusha.

"Mtoto wa kidato cha tatu," mkuu akasema, "hawezi kupanga jambo hili peke yake. Nani alikupeleka?"

Nilifikiria kumtaja mama mdogo. Nikamwona babu yako akisimama mbele ya watu wa Chapwa, shemeji yake amemchafua. Nikafikiria kufukuzwa. Sikuwa nimefungua mdomo.

"Ni Kibona, siyo? Alitaka ukapate uzoefu, au walimpa chochote?"

Niliinamisha kichwa, kisha nikakitikisa kukubali. Ndiyo. Babu aliachia pumzi, kofia ikasimama. Nilimwona akipona aibu mbele ya macho yangu, nikajua nimekwisha.

Mwalimu alipoteza kila kitu kwa sababu ya ile saini, maana sasa ilionekana aliandika uongo akijua. Aliondolewa kwenye michezo, akahamishwa kwenda shule ya mlimani kwao Ileje. Wengine wa rika lake walikuja kuwa wakuu wa shule. Yeye hakuwa hata makamu. Mimi nilifungiwa miaka miwili na kuhurumiwa na kila mtu. Nilikuwa mtoto aliyetumiwa na mtu mzima. Siku alipokuwa anafunga godoro lake kwenye pikapu, tulikuwa mstarini. Alipita akitusalimia mmoja mmoja. Alipofika kwangu akasema, "Namwinga, hujambo," kama siku zote. Sikumjibu.

Baada ya hapo nilisoma. Watu husema nilikuwa na akili ya hesabu, lakini nilikuwa na saa nyingi za alfajiri zisizo na kazi. Benki ilipofungua tawi Tunduma walitafuta makarani. Kwenye usaili wakaniuliza ninacheza mchezo gani, maana mabenki yana michezo yao. Nikasema sichezi. Mmoja wao akatazama miguu yangu chini ya meza, akasema, "Na miguu hiyo?" Nikasema miguu hii ni ya kusimamia dirishani.

Nilisimama dirishani miaka kumi na moja. Wewe unanijua kuanzia nilipokuwa na ofisi na mmoja wa funguo mbili za chumba cha hazina, hukunijua wakati ule. Wafanyabiashara wa Mlowo na Tunduma walinipa jina, Mama Kitambulisho. Nilikuwa simpi mtu huduma bila kukiona, hata niwe nimesali naye asubuhi.

"Dada, ugali wangu umekula, harusi yangu umecheza, leo hunijui?"

"Nakujua kaka. Leta kitambulisho."

"Niende Mlowo nirudi? Mwendo wa saa moja na nusu?"

"Nenda. Sihami."

Walinitukana na walinipenda. Meneja mmoja baada ya mwingine alinisifu mbele ya wageni, kwamba kwa huyu mama hakuna mtu atakayepita kwa jina la mwenzake. Nilipokea cheti cha uaminifu, ndicho kile kilicho ukutani juu ya televisheni. Wewe ulipokuwa mdogo uliwaonyesha rafiki zako. Kwenye bonanza za mabenki wenzangu walinivuta mkono, "Mama, kimbia hata ya kutembea!" nami nilishika mikoba yao na kuwashangilia. Nilidhani kuwa makini ni sawa na kuwa mkweli. Nilichelewa kugundua kwamba mtu anaweza kuwa makini kila siku ya maisha yake kwa sababu tu hataki kugusa siku moja.

Sasa nakuambia lililo baya kuliko yote. Lile la ofisini kwa mkuu wa shule nililifanya nikiwa na miaka kumi na saba. Hili nililifanya nikiwa mtu mzima, nina mtoto, nina mshahara.

Ileje wakati huo haikuwa na benki, wastaafu walikuja Tunduma. Asubuhi moja niliinua macho kwenye foleni, nikamwona wa tatu. Amevaa koti la suti lililokuwa kubwa zamani na sasa limekuwa kubwa zaidi. Nilihudumia wawili wa mbele yake taratibu sana. Akafika.

"Shikamoo," nikasema, bila kumtazama usoni.

"Marahaba."

"Kitambulisho, mzee."

Alikitoa kwenye bahasha, akakisukuma chini ya kioo. Picha ilikuwa imefifia. Nikamtazama kwa kulinganisha, kama ninavyomtazama kila mtu. Alitulia nimtazame. Akasema, kwa sauti ya chini, watu wa nyuma wasisikie:

"Bado unakimbia, Namwinga?"

Hakukuwa na kejeli ndani yake, Sekela. Nimeisikiliza sauti ile kichwani mara nyingi nikiitafuta kejeli, ili nipate nafuu, na haimo. Alikuwa anauliza kama mwalimu.

Nikagonga muhuri. Nikahesabu, nikamkabidhi. Nikasema, "Huduma nyingine, mzee?"

Alikirudisha kitambulisho kwenye bahasha. "Hapana. Nimemaliza."

"Anayefuata!" nikaita.

Hiyo ndiyo sauti yangu, ile unayoiga ukitaka kunichekesha. Alirudi kila baada ya miezi michache mpaka walipofungua benki kwao, ila alipanga foleni ya dirisha la mwenzangu, hata ilipokuwa ndefu na yangu haina mtu.

Kuna jingine, na hili ni lako. Ulikuwa darasa la sita. Ulikuja na karatasi kutoka kwa mwalimu wa michezo wa shule yenu, mzazi atie saini ili uende kambi ya wilaya. Ulikuwa umekimbia toka shule mpaka nyumbani bila kusimama, na ulipoingia hukuwa unahema. Niliona. Hakuna mtu katika nyumba hii angeweza kuona kama mimi. Nikakuambia walimu wa michezo huuza watoto, wakamuuza mama yako. Ulilia jioni nzima, halafu ukaja ukanikumbatia. Ukasema, "Pole mama. Mimi sitakimbia." Nikakubali kukumbatiwa. Karatasi ile niliirudisha bila saini.

Kwa hiyo ukisoma hapa na ukaona hasira, usitafute pa kuipeleka. Ni yangu. Ungeweza kuwa polepole mbele ya wengine, ungeweza kushindwa wilayani na kurudi na homa. Sijui, na wewe hujui, na hatujui kwa sababu yangu.

Utaniuliza kwa nini sikusema miaka yote. Mwanzoni nilimwogopa babu yako. Babu alipofariki nikasema bibi ni mzee. Nikaolewa, na baba yako akaipata hadithi kutoka kwa bibi, tayari imeiva. Kila mtu aliyeisimulia aliongeza kitu. Wewe uliongeza kwamba alilipwa kwa kwacha. Hilo hakuna mtu aliyewahi kulisema kabla yako, ulilibuni ukiwa darasa la tatu ili rafiki zako waelewe, na mwaka uliofuata nilimsikia bibi akilisimulia kama alilishuhudia. Nilikuwa nakunja nguo chumbani. Niliendelea kukunja.

Kesho asubuhi, ukishaondoka, nitamwambia baba yako. Kisha nitakwenda Chapwa kwa bibi. Nasema kwa mpangilio huo kwa kuwa kwa bibi naogopa zaidi.

Nilifikiri kukupa barua umpelekee Mwalimu. Nimeiandika mara mbili leo na kuichana mara mbili. Ya kwanza ilikuwa inajitetea kwa umri. Ya pili ilikuwa nzuri sana, na nilipoisoma nikaona nimeiandika ili anisifu. Kisha nikajiona nikikutuma wewe usimame mbele yake mahali pangu, na nikakoma. Jumamosi nitapanda gari mwenyewe. Ofisini nimeshaomba ruhusa kwa ujumbe wa simu, nao wamekubali. Sijui kama atataka kuniona. Anaweza kuwa aliniweka kando zamani na nikienda namfukulia. Hata hilo nalifikiria, ila nadhani jina lake lisafishwe hata kama yeye hataki kunitazama. Nitaanza kwa mkuu wenu wa shule, kisha kwake.

Lakini wewe utamwona kabla yangu. Labda kesho jioni hii hii, uwanjani, na filimbi yake. Usimseme. Msalimie. Wazee wa kule huuliza ukoo kabla hujakaa, naye atakuuliza. Usidanganye na usikwepe. Mwambie wewe ni mtoto wa Namwinga wa Chapwa, yule aliyesoma Mbozi. Mwache akutazame. Anaweza kukukaribisha, ni mtu wa namna hiyo. Anaweza pia kugeuka akaenda zake, na akifanya hivyo usimfuate kumweleza mimi ni mama mzuri kiasi gani nyumbani. Umenitetea tangu ukiwa mtoto, kwa moyo wote, kwa jambo nililolifanya mwenyewe. Mbele yake usinitetee.

Mama yako

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Barua nimeiweka juu ya begi, siyo ndani, uisome kabla gari halijatoka Tunduma, ili kama una neno uniambie usoni. Niko jikoni. Nililala saa tisa kasoro dakika kumi.